Kazi Tuliyoibariki Kabla ya Kuiona

Asubuhi kwetu inaanza na mbuzi. Tuko nao sita. Zamani tulikuwa na ng'ombe arobaini, lakini kiangazi kiliwamaliza. Sasa ni mbuzi sita na vyumba vitatu vya mabati ambavyo Zipporah, mke wa marehemu mwanangu, alijenga ili apangishe. Hapa ni Kitengela, upande wa nyuma, pahali lami inaisha na vumbi linaanza.

Mimi, nyanya ambaye wote hapa wanamwita Koko, hushika mbuzi. Mjukuu wangu Leshan hukama. Anakama kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia unaishia kwenye kifundo. Kikombe anakibana katikati ya magoti. Mbuzi akirusha teke maziwa yanamwagika, na Leshan anaanza tena. Tumezoea.

Siku ninayosimulia ilikuwa Jumatatu. Dada yake Seleyian alitoka nyumbani mbio, simu iko mkononi.

"Koko! Wamenipigia! Nimepata!"

"Umepata nini?"

"Kazi! Ile ya kiwanda cha mabeseni. Karani wa ofisi. Nimeambiwa Ijumaa niende kuweka sahihi."

Zipporah alitoka jikoni na mwiko. Aliimba, akacheza, akanikumbatia mimi na mbuzi pamoja.

"Mungu ameona! Miaka miwili huyu mtoto anatembea na bahasha! Tuchinje nani? Yule mweupe? Koko, tafuta kibuyu cha maziwa, tubariki mtoto."

Leshan aliacha kukama. Alimwangalia dada yake.

"Umeshaiona?" akauliza.

"Nimeona nini?"

"Hiyo kazi."

Zipporah aliacha kucheza.

Wacha niseme ile kitu ambayo kwetu hatusemi.

Leshan alipopata kazi, miaka mitatu iliyopita, tulifurahi hivyo hivyo. Ilikuwa kiwanda kingine, cha misumari. Habari ya kazi ililetwa na mzee wa rika la marehemu babake. Alikuja na sukari na majani ya chai, akaketi, akasema, "Nimewaletea mtoto wenu chakula." Tulichinja. Nilikata nyasi mbichi, nikachovya kwenye maziwa, nikamnyunyizia Leshan kichwani. Watu wakaitikia, "Naai!", ndiyo amina yetu. Baraka ikashika.

Kwetu, kitu kikishabarikiwa hakirudishwi. Ukikirudisha umemtukana aliyekileta, na aliyekubariki.

Wiki ya pili Leshan alikuja akaketi karibu na mimi.

"Koko, pale watu hawaongei."

"Wako kazini. Waongee nini?"

"Hapana. Hata wakiona kitu kibaya, hawaongei. Mashine yangu ilikuwa na kifuniko cha chuma. Kimetolewa ati kinachelewesha kazi. Mwenzangu aliuliza, akafukuzwa siku hiyo hiyo."

Na mimi, nyanya yake, nikamwambia, "Hiyo kazi imebarikiwa. Vumilia."

Alivumilia miezi minane. Halafu mashine ikachukua mkono.

Kampuni ilimpeleka hospitali, hiyo nisidanganye. Siku ya pili karani wao, msichana mdogo, alikuja na karatasi mpaka kitandani. Leshan alikuwa bado na dawa kichwani. Aliambiwa aweke kidole. Akaweka cha kushoto. Baadaye tulisomewa. Karatasi ilisema makosa ni yake.

Yule mzee wa sukari hakuja tena. Sikumlaumu sana. Yeye alileta kazi tu. Aliyesema "vumilia" ni mimi.

Kwa hivyo Seleyian alipokuja na simu yake, na Zipporah akasema nitafute kibuyu, miguu yangu ilikataa.

"Sibariki," nikasema.

"Mama, unasema nini?" Zipporah alishangaa.

"Sibariki kitu sijaona."

"Kwani wewe ni fundi wa viwanda?"

Wakati huo Nelima alikuwa kwenye tangi, anachota maji. Nelima ni mpangaji wetu wa chumba cha kwanza. Ni mama wa kutoka Bungoma. Amefanya kazi katika kampuni nne, na sasa yuko pahali wanashona magunia. Wenzake walimchagua awe msemaji wao. Mimi ananiita Kukhu, vile kwao wanaita nyanya.

Aliweka ndoo chini.

"Mnisamehe kuingilia. Kukhu, msichana wenu akiposwa mnafanya nini?"

"Tunatuma watu wakaangalie hiyo boma."

"Wanaangalia nini? Ng'ombe?"

"Ng'ombe tunaweza kuhesabu tukiwa mbali. Wanaangalia kama wanaume wa huko wanapiga wanawake. Kama watoto wanaogopa baba akiingia. Kama mgeni akija wanaficha kitu."

"Sasa," Nelima akasema, "kwa ndoa mnatuma watu. Kwa kazi mnachinja mbuzi."

Seleyian alicheka. Zipporah hakucheka.

"Ndoa ni ya maisha, mama Nelima. Kazi ni kazi."

Leshan alimgeukia mamake, akainua ule mkono uliokatwa. Hakuuinua juu sana, kama mtu anayeomba ruhusa darasani.

"Na hii, yeyo? Hii ni ya mwezi mmoja?"

Zipporah aliingia ndani. Tulimsikia akiweka sufuria kwa nguvu.

Nelima aliketi kwenye ndoo yake. Aliongea na Seleyian polepole.

"Kila kampuni iko na tabia yake, kama vile kila boma iko na yake. Haiandikwi ukutani. Ukutani wanaandika maneno matamu. Tabia ni vile mkubwa anaongea na mdogo. Ni kile kinatendeka mtu akikosea, au akiumia, au akiuliza swali. Hiyo ndiyo utaishi nayo kila siku."

"Na nitaijuaje kama bado sijaingia?"

"Unaweza kujua nyingi. Si yote. Kwanza, enda usimame nje ya geti saa ya kubadilisha shifti. Angalia watu wakitoka."

Hapo nilikumbuka mzee wangu. Alikuwa akinunua ng'ombe soko la Kajiado. Watu walikuwa wanaangalia meno na nundu. Yeye alikuwa ananyamaza kando mpaka mwenye ng'ombe amkaribie ng'ombe wake. Ng'ombe akisimama, sawa. Ng'ombe akirudi nyuma, mzee wangu alikuwa anaenda zake. Alikuwa anasema, "Huyo amepigwa sana. Ngozi inaficha, lakini miguu haifichi."

"Twende kwa geti," nikasema. "Na mimi nakuja."

"Koko, utaniaibisha!" Seleyian akasema.

"Nitanyamaza. Nimenyamaza ng'ombe wengi wakinunuliwa."

Jumatano, saa kumi jioni, tulikuwa hapo watatu, mimi, Seleyian na Nelima. Mbele ya geti kuna kibanda cha chai. Mwenyewe anaitwa Rebecca, mama mwembamba mwenye macho yasiyotulia. Tulinunua chai, tukaketi.

Geti ilifunguka. Watu walianza kutoka. Walikuwa wengi, pengine mia, lakini huwezi kuamini. Hakukuwa na sauti. Kila mtu alitoka peke yake, akashika njia yake. Hakuna aliyemngoja mwenzake. Msichana mmoja alikuwa amefunga kidole na kitambaa chenye damu. Alipotuona tunamwangalia, aliuficha mkono ndani ya sweta.

"Unaona?" Nelima akanong'ona.

"Wamechoka tu," Seleyian akasema. "Shifti ni ndefu."

"Inaweza kuwa. Hata mimi natoka nikiwa nimechoka. Lakini sisi tukitoka tunatukanana, tunachekana, tunagawana ndizi. Siku moja si ushahidi wote. Ndiyo sababu haturudi nyumbani sasa hivi."

Halafu mwanamume mmoja alitoka, shati nyeupe, funguo kidoleni. Alikuwa supavaiza. Hakusema kitu. Hakumgusa mtu. Alitembea tu katikati yao akienda kwa gari yake.

Na wao wakarudi nyuma.

Nilishusha kikombe.

Nelima alimgeukia Rebecca.

"Mama, hawa hawakai kunywa chai?"

"Hawa?" Rebecca alicheka kidogo. "Hawa hawawezi kuketi wawili. Wakionekana wameketi wawili wataulizwa walikuwa wanapanga nini. Chai yangu inanunuliwa na wale wa kampuni ya mbegu, nyumba ile ya kijani. Wale wanapiga kelele mpaka naomba wanyamaze."

"Wewe unajua hii sana."

Rebecca alipangusa meza, ambayo ilikuwa safi.

"Nilifanya humo mwaka mmoja na nusu. Choo cha wanawake kilikuwa kinafungwa na kufuli mpaka saa ya chakula. Niko na mimba wakati huo. Nikasema. Kesho yake nikaambiwa nipumzike kidogo. Mpaka leo napumzika."

"Na mtoto?" nikauliza.

Aliniongezea chai, na hakutaka nilipe hiyo ya pili.

Seleyian alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Lakini mimi nitakuwa ofisini," akasema. "Si kwa mashine. Ofisini hakuna mtu ananifungia choo."

"Ni ofisi gani hiyo?" Nelima akauliza.

"Ofisi ya wafanyakazi. Kupanga faili, kupeleka fomu."

"Kupeleka fomu wapi?"

Seleyian alisukuma kikombe chake kando.

Nelima alisema kwa sauti ya chini, si kwa ubaya. "Mtu akikatwa huko ndani, nani atapeleka karatasi kitandani?"

Tulirudi nyumbani kwa miguu.

Alhamisi jioni Seleyian na mamake walizozana. Unga ulikuwa umebaki kidogo. Zipporah alikuwa na hofu, na hofu ya mama inatoka kama hasira.

"Utakula nini ukikataa? Maswali? Tupike maswali na mboga?"

"Yeyo, sijakataa. Nimesema nitauliza kwanza."

"Mwenye njaa haulizi!"

"Leshan hakuuliza," Seleyian akasema.

Leshan alikuwa amelala upande wa ukuta. Najua hakuwa amelala.

Nelima alikuwa amempa Seleyian maswali mawili na agizo moja. Maswali yalikuwa haya: "Aliyekuwa anafanya hii kazi alienda wapi?" Na lingine: "Mtu akiumia au akikosea hapa, mnafanya nini?" Agizo lilikuwa hili: omba kwenda na karatasi nyumbani uisome, na uangalie vile watakujibu. "Usisikize maneno peke yake," Nelima alimwambia. "Angalia uso unafanya nini ukiuliza."

Ijumaa alienda. Alirudi saa sita. Alituonyesha kila kitu kwa mikono, na sauti ya yule mtu aliigiza sawasawa.

Ofisi ilikuwa safi, na kiti kilikuwa kinazunguka. Bwana wa hiyo ofisi anaitwa Wathome. Alimpa soda. Alimwambia, "Karibu, hapa sisi ni familia."

Seleyian alishukuru, akauliza aliyekuwa na hiyo kazi alienda wapi.

"Uso wake, Koko, ulifungwa kama duka. Akaniambia, 'Huyo hakuwa mtu wa familia. Hapa hatuongei mambo ya watu walioenda.'"

"Na swali la pili?"

"Akasema, 'Hapa watu hawaumii. Wazembe ndio wanaumia. Kazi yako itakuwa kuwafikishia fomu mapema, kabla ya ndugu zao kuingiza maneno.'"

Nilimwangalia Leshan. Alikuwa anaangalia chini.

"Nikaomba niende na karatasi nisome nyumbani. Akasema karatasi haitoki hapo. Akanisukumia kalamu. 'Kuna wasichana mia nje ya geti wanataka hii kalamu. Sahihi ni sasa ama wacha.'"

"Ukafanya nini?" Zipporah akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Niliishika, yeyo. Nisikudanganye. Niliishika, nikafikiria unga. Nilikuwa nimeanza herufi ya kwanza." Seleyian alianza kulia. "Halafu nikamwona kichwani mwangu yule msichana aliyekuja kwa kitanda cha Leshan. Unakumbuka? Alikuwa amevaa viatu vizuri. Mimi pia nilikuwa nimevaa viatu vizuri. Nikaweka kalamu chini."

Zipporah hakumkaripia. Alikaa karibu na yeye, akamshika viatu, akaanza kumvua kimoja kimoja kama mtoto.

Nisiwadanganye kwamba mambo yaligeuka kuwa mazuri siku ya pili. Mwezi mzima na nusu tulikula mara moja kwa siku. Mbuzi mweupe tuliuza badala ya kuchinja. Zipporah alifulia watu nguo mpaka mikono ikachubuka. Siku zingine alikuwa anamwangalia Seleyian na nilijua anafikiria ile kalamu. Mimi pia nilifikiria. Kusema hapana kuna gharama, na anayekuambia hakuna gharama hajawahi kusema hapana.

Ile kazi ilichukuliwa na msichana mwingine. Simjui jina. Namwombea.

Seleyian hakuketi tu. Alienda tena kwa Rebecca, akaketi pale saa ya chai, akawasikiliza wale wa nyumba ya kijani wanaopakia mbegu. Aliwasikia wakimcheka mkubwa wao, anaitwa mama Ndolo, wakiigiza vile anatembea. Wakati mmoja mama Ndolo mwenyewe alitokea nyuma yao.

"Natembea hivyo?" akauliza. "Basi angalau fanyeni vizuri." Akatembea mbele yao. Walicheka, na hakuna aliyerudi nyuma.

Wiki iliyofuata Seleyian alipeleka barua yake huko kwa mama Ndolo, kuomba kazi. Aliitwa. Aliuliza maswali yale yale.

"Aliyekuwa hapa alijifungua, akaamua kukaa na mtoto," mama Ndolo akamwambia. "Namba yake ni hii. Mpigie umuulize habari yangu. Hatakuficha, tulikosana mara mbili."

"Na mtu akiumia?"

"Mwaka jana mmoja alianguka na gunia. Tulimpeleka hospitali, tukaandika vile ilitendeka, na yeye akaweka ushahidi wake mwenyewe. Halafu tukapunguza urefu wa magunia tunayopanga juu kwa juu. Sasa nikuambie mabaya. Mshahara ni mdogo. Vumbi ni jingi, hata ukivaa kitambaa cha pua. Wakati wa kupanda tunafanya Jumamosi yote. Na mimi niko na mdomo mkali. Nenda na karatasi, soma, fikiria, urudi Jumanne."

Jioni Nelima alimuuliza, "Sasa, inakufaa?"

"Si kampuni nzuri?"

"Sijauliza kama ni nzuri. Nimeuliza kama inakufaa. Dada yangu ana pumu. Hapo hangefaa, hata wangekuwa malaika. Mwingine hawezi kukosa kanisa ya Jumamosi. Mwingine akipigiwa kelele anaharibikiwa siku nzima. Lazima ujijue na wewe."

Seleyian alifikiria.

"Vumbi nimezaliwa ndani yake. Jumamosi sina shida. Na mdomo mkali," akanitazama, "nimelelewa na Koko."

Nilimtupia kitambaa. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza tulicheka tangu siku ya kalamu.

Alimpigia yule wa zamani. Aliongea na yeye nusu saa. Jumanne aliweka sahihi.

Zipporah aliuliza kuhusu kibuyu. Nikasema, "Bado."

Wiki ya pili, siku ile ile ya wiki ambayo Leshan alikuja kukaa karibu na mimi, Seleyian alikuja akaketi pahali hapo hapo.

"Koko, leo nilikosea mizani. Magunia matano yalitoka yakiwa nusu."

"Nani aliona?"

"Hakuna. Nilienda nikasema mwenyewe. Mama Ndolo alipiga kelele mpaka ndege wakaruka. Halafu akavua koti, tukapima tena pamoja mpaka yakaisha."

"Wanaongea huko?"

"Wanaongea sana, Koko. Kichwa kinaniuma."

Nilisimama nikaenda kukata nyasi.

Hatukuchinja. Tulikuwa na maziwa ya asubuhi tu. Seleyian aliinamisha kichwa. Zipporah na Nelima walisimama kando. Nilimwambia Leshan anishikie kibuyu. Alikikumbatia kifuani na ule mkono mfupi, wa kushoto ukashika shingo ya kibuyu.

Nilichovya nyasi. Lakini sikumgeukia Seleyian kwanza. Nilinyunyizia mkono wa Leshan, pale unapoishia.

"Uliniambia watu hawaongei," nikasema. "Ulikuwa umeona, na mimi nikakunyamazisha. Nisamehe, mtoto wangu."

Leshan aliangalia ule mkono uliolowa. Kibuyu kilikuwa kimelala upande.

"Koko," akasema, "maziwa inamwagika."

"Wacha imwagike."

Akakinyoosha. Nikambariki dada yake, na aliyeitikia "Naai" kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Leshan.